Kisanduku cha Mchezo wa Tatu

Jumapili, saa tatu asubuhi, Mulumebet, mwenyekiti wa klabu ya sataranji ya Gondar, alifungua kabati mbele ya watu wote. Alitoa kisanduku cha kwanza, akatoa cha pili. Mkono wake ukapapasa rafu ya chini, ukarudi mtupu.

"Cha tatu kiko wapi?"

Watu wakaanza kuinamisha vichwa chini ya mabenchi. Wengine walisogeza kabati, wengine wakachungulia nyuma ya mapazia. Inspekta Zenebech, aliyekuja kutazama tu siku yake ya mapumziko, alibaki ameketi akiwaangalia wanaotafuta. Mtu mmoja tu mwingine hakuinuka: mwamuzi Getnet, mwalimu wa hesabu, aliyekuwa akifuta miwani yake.

Ilikuwa siku ya mwisho ya shindano la kubuni sataranji mpya. Dhamira ya mwaka huu ilitolewa na mzee Abate, mwanzilishi wa klabu: mwanzo wa sataranji ya mababu, ambapo wachezaji wote wawili husogeza kete bila kungojeana mpaka mmoja ale kete ya mwenzake. Michezo mitatu ilikuwa imebaki. Kila mmoja ulikuwa na kisanduku chenye ubao, kete na kanuni zake. Nje kulikuwa na namba, jina hakuna. Wabunifu walikuwa humo humo ukumbini, wamechanganyika na watazamaji, na ambaye angejulikana kabla ya matokeo angetolewa. Kwa hiyo mwenye Mchezo wa Tatu, popote alipokuwa ameketi, hakuweza hata kulalamika.

"Kanuni iko wazi," Getnet alisema. "Mchezo usioweza kuchezwa leo unaondolewa. Tuendelee na miwili."

"Tuendelee vipi na mwizi yumo humu?" sauti ikatoka nyuma. "Muulizeni Gashe Abate! Jana si yeye aliyeuita mchezo ule soko la kuku?"

"Na jioni nilimwona anashuka ngazi kama paka aliyeiba nyama," mwingine akadakia.

Watu wakacheka, kisha kicheko kikafa. Abate alikuwa mwamuzi, na ni yeye aliyefunga kabati jana. Mulumebet alimtazama mzee kwa huzuni, akamwita kwa jina la heshima ya wazee.

"Gashe, ulirudi hapa jana jioni?"

"Nilirudi."

"Kufanya nini?"

"Hilo ni langu."

Minong'ono ikapanda. Mulumebet akasema kwamba asipojieleza kufikia saa sita, wanachama watapiga kura ya kumfukuza. Abate alivuta gabi yake, ile shuka nzito ya pamba, akaifunika hadi shingoni.

Zenebech akasimama. "Nipeni muda huo huo."

Alianzia chini. Ukumbi ulikuwa na ngazi moja, na miguuni pa ngazi ndipo Etagegn alipouzia kahawa.

"Dada, jana baada ya kabati kufungwa, nani alipanda?"

"Saa kumi na moja walishuka wote, Gashe Abate wa mwisho. Baadaye kidogo Mwalimu Getnet akarudi, eti kasahau miwani. Saa kumi na mbili Gashe Abate naye akapanda, hakukaa hata kikombe kimoja kupoa."

"Walibeba kitu?"

"Wote walikuwa na gabi, baridi yenyewe hii. Gashe kapanda kajifunika, kashuka kajifunika. Mwalimu kapanda kajifunika, kashuka kaikunjakunja kifuani kama kabeba kichanga. Nikamwambia, hongera Mwalimu, ni wa kike au wa kiume?"

"Akasemaje?"

"Hata hakucheka. Watu wa hesabu!"

"Na ufunguo?"

"Mmoja anao Gashe. Mwingine unaning'inia ukutani huko juu tangu mimi msichana."

Zenebech alikunywa kahawa yake polepole. Mtu anaweza kusikia joto baada ya kupanda ngazi akavua gabi. Hilo peke yake halimfungi mtu. Tena, Getnet angeiba mchezo ule kwa faida gani? Kura zilikuwa za siri, lakini siri yenyewe ilikuwa ya jina tu. Gondar hakuna anayecheza sataranji kimya: watazamaji hupiga kelele, na waamuzi hupiga kelele kuwashinda watazamaji. Jana, kabla kabati halijafungwa, kila mtu alijua kila mwamuzi anapenda nini, na hakuna aliyeuweka Mchezo wa Tatu mbele. Nani anaiba mchezo usioweza kushinda?

Alipanda, akamvuta Abate pembeni kwenye dirisha.

"Gashe, ulipofungua kabati jioni ile, kisanduku kilikuwepo?"

Mzee aligeuka haraka. "Nani kakuambia nilifungua?"

"Hakuna. Nauliza."

Abate aliteremsha sauti. "Hakikuwepo," alisema.

"Ukanyamaza?"

"Ningesemaje? Mwamuzi haruhusiwi kugusa mchezo peke yake. Na wangeniuliza nilitafuta nini."

"Ulitafuta nini?"

Mzee alitazama barabarani. "Usiniulize hilo, mwanangu. Wanifukuze tu."

Zenebech hakumlazimisha. Maneno ya mshukiwa ni maneno tu, alijiambia. Lakini yalilingana na ya Etagegn. Alirudi mezani, akachukua kete za klabu, akazipanga na kuzipangua. Alipanga tena. Safari ya pili aliacha mkono juu ya ubao, akatabasamu kidogo bila furaha.

Saa sita kasorobo aliwaita waamuzi wote watano mezani.

"Mchezo wa Tatu mliucheza jana mara mbili. Mnaukumbuka. Basi kila mmoja aupange pale pale alipouweka jana, tuhesabu pointi kama kawaida. Mbunifu asionewe."

"Hiyo ni haki," alisema Mulumebet, naye akiwa mwamuzi. Watatu wengine, Abate miongoni mwao, wakatikisa kichwa kukubali.

"Haiwezekani!" Getnet alisema. "Kanuni ni kanuni."

"Wewe uliuweka wa mwisho, Mwalimu. Kuuhesabu kunakudhuru nini?"

"Hakunidhuru. Natetea utaratibu."

"Basi nisaidie hesabu, wewe ndiye fundi." Zenebech alisogeza kete. "Nafasi ya kwanza pointi mbili, ya pili moja, ya mwisho hakuna. Waamuzi watatu, wewe na Gashe Abate mkiwemo, mnaupenda wa Kwanza, kisha wa Pili, kisha wa Tatu. Wawili waliobaki wanaanza na wa Pili, wanafuata na wa Tatu, wa Kwanza wanautupa mkiani. Wa Kwanza unapata sita. Wa Pili unapata saba. Nani mshindi?"

Getnet alizitazama kete.

"Sasa naondoa wa Tatu." Akafagia kete zake pembeni. "Imebaki miwili. Waamuzi watatu wanataka wa Kwanza, wawili wanataka wa Pili. Mshindi amebadilika. Aliyeiba hakuuchukia mchezo wa Tatu wala hakuuonea wivu. Alihitaji tu usiwepo."

Vichwa vikamgeukia Getnet.

"Hapa walitafuta hadi chini ya mazulia, Mwalimu. Wewe hukuinama. Jana ulishuka na gabi kifuani baridi ikiuma. Nikienda na polisi wenzangu nyumbani kwako, nitakuta nini?"

Getnet alivua miwani, akaivaa tena.

"Hakijaharibika," alisema taratibu. "Kiko juu ya kabati langu la vitabu." Kisha sauti ikampanda. "Lakini tazameni wenyewe! Watatu kati ya watano wanaupenda ule wa Kwanza kuliko yote, na bado unashindwa! Tangu tulipokaa kuchagua njia ya kuamua niliwaambia hesabu hii ni mbovu. Mkasema, kaa chini Mwalimu, unatuchosha!"

"Huenda hesabu ni mbovu," Zenebech alisema. "Mimi si mtaalamu. Lakini umekaa hapa tangu asubuhi ukimsikiliza Gashe Abate akiitwa mwizi, na ulikuwa na neno moja la kumwokoa."

Mulumebet alimwambia Getnet aondoke kwenye meza ya waamuzi, akawatuma vijana wawili wafuatane naye wakalete kisanduku. Yaliyobaki, klabu ingeamua kesho.

"Limebaki moja," sauti ya nyuma ikasema, safari hii kwa unyonge. "Gashe, ulirudi kufanya nini?"

"Hana deni la kujieleza," Zenebech alisema.

Lakini mzee alikwishasimama. Gabi ilimteleza begani, hakuiokota.

"Nilirudi kuucheza," alisema. "Nimeutukana mbele yenu, nikaenda nyumbani, chakula kikanishinda. Kila nikifumba macho naona kete zinakimbia. Dhamira ni yangu, lakini aliyeielewa ni huyo aliyeubuni, si mimi. Ni mchezo mzuri kuliko yote niliyoshika."

Hapo, katikati ya watazamaji, mtu akaanza kulia. Alijaribu kuzuia, ikamtoka kwa kwikwi, waziwazi.

Mulumebet alielewa kwanza kwamba mbunifu akijulikana atatolewa, akageuza uso ukutani. Abate akageuka dirishani. Benchi kwa benchi, chumba kizima kikageuka, watu wakakazia macho kuta na dari, mpaka kilio kikaisha na hakuna aliyejua ni cha nani.