Kisu Kilichoguswa na Mwingine

—Kisu hiki kimepigwa msasa na nani?

Fundi wa kunoa visu aliuliza bila kuinua macho yake. Mwaka mzima visu vya mpishi huyu wa kantini alivishughulikia yeye peke yake. Kila Ijumaa mpishi alivileta mwenyewe, akakaa kwenye benchi na kupiga soga mpaka kazi iishe. Leo ubavu wa kisu ulikuwa na mikwaruzo ya ovyo, na mafuta ya kupikia yameganda juu yake kama gundi.

—Mtu tu, mpishi alijibu, mikono mfukoni.

—Mtu yupi?

—Wa nyumbani.

Moyo wa fundi ukashuka. Mapenzi yana udhia jamani: neno hujamwambia mtu, na wivu unakula maini. Shangazi yake alishamwonya kwamba mwanamke mwenye viganja kama brashi ya sufuria atazeeka na tupa zake, bila mume.

—Basi mrudishie huyohuyo amalizie.

Mpishi akachukua kisu, akaondoka. Alasiri ujumbe ukaingia.

"Fundi, umenikasirikia?"

"Kwa lipi? Mteja ana haki ya kubadili fundi."

"Sijabadili."

"Mikwaruzo nimeiona kwa macho yangu."

Ikaja picha: mkono wa kiume, vidole vitatu vimefungwa plasta. Chini yake: "Wa nyumbani ni mimi."

Fundi akapiga simu hapohapo.

—Umejikata kwa nini wewe?

—Ijumaa iliyopita vidole vyako vilipasuka, damu ikadondokea msasa, nawe unanisimulia vituko vya shangazi kana kwamba hujaumia. Roho iliniuma. Nikasema nijifunze, nikupunguzie.

—Na ukishajua, Ijumaa utakuja kufanya nini?



—Kukuona. Tangu mwanzo nakuja kukuona. Kantini ina mtu wake wa kunoa.

Fundi akakaa chini. Alitaka kucheka, machozi yakamtangulia.

—Njoo kesho, alisema. Na hicho kisu.

Asubuhi alimkalisha kando yake na kukizungushia kijiti bapa msasa.

—Msasa wa chembe kubwa, maji ya sabuni, vumbi lielee. Ukifika kwenye msasa laini, mafuta ya cherehani, tone moja. Ya kupikia yanaziba msasa. Na usisugue kwenda na kurudi. Vuta kutoka kwenye mpini mpaka nchani, inua, anza tena.

—Hivi?

—Polepole. Hakikimbii.

Akaweka kiganja chake kigumu juu ya mkono wenye plasta, wakavuta pamoja. Kwa mara ya kwanza hakukionea haya kiganja hicho.

—Jumapili njoo nyumbani, alisema. Umsalimie shangazi.

—Na vidole hivi?

—Hasa na vidole hivyo.