Namba Tisa, Barabara ya Reli

"Namba tisa. Ghala la mbao, barabara ya reli. Namba tisa."

Saa nne na dakika kumi asubuhi. Katika chumba cha redio cha zimamoto, Nyuki aliacha kalamu.

Mpaka jana, namba tisa ilikuwa moto mkubwa, magari yote yatoke. Alfajiri ile kamanda alikuwa amezigeuza namba, kwa mdomo tu, mbele ya gwaride. Sasa tisa ilimaanisha moto umezimika. Moto mkubwa ulikuwa namba nne.

Aliyesema redioni hakuwa gwarideni.

Nyuki, jasusi wa Idara ya Usalama, alikuwa wiki ya tatu akijifanya karani pale, akimtafuta anayewauzia wafanya magendo siri za redio. Sasa alimpata. Kile kikohozi kikavu katikati ya maneno alikijua. Ni cha shemeji yake, mume wa dada yake, dereva wa zimamoto aliyekuwa likizo mwezi mzima sasa.

Ghala la mbao liko kaskazini, na huko hakukuwa na moto; mtu alitaka magari yote yaende mbali. Basi kusini kulikuwa na nini?

Ghala la vielelezo vya polisi. Makombora ya magendo yaliyokamatwa, kesi kesho. Na nyuma ya ukuta wake, wodi ya wazazi.

Alimweleza kamanda, pekee aliyejua kazi yake, kwa maneno machache: ving'ora vilie kuelekea kaskazini, kisha vizimwe, magari yazunguke hadi nyuma ya ghala na kungoja sauti yake. Akachomeka bastola ya Glock kiunoni, akaiwasha pikipiki yake ya Yamaha.

Dakika sita baadaye alifika ghalani.

Land Cruiser nyeupe ilikuwa imeegeshwa langoni. Mlinzi alilala chini, kafungwa kamba. Harufu ya petroli ilikata pua. Nyuki alifungua mlango wa gari, akaugusisha mtutu shingoni mwa dereva.

"Weka redio chini, shemeji."

Mtu yule alikauka kama gogo. "Wewe? Si unafanya kazi benki wewe?"

"Wangapi ndani?"

"Mmoja. Waliniapia hakuna atakayeumia."

"Na wazazi hapo ukutani?"

Alianza kulia kimya kimya, na hilo lilimuuma Nyuki kuliko kama angetukanwa.

Alimfunga pingu kwenye usukani, akanyata hadi mlangoni. Kati ya makreti alisimama mgeni mrefu, dumu tupu miguuni, kiberiti cha gesi mkononi. Sakafu nzima iling'aa petroli. Kufyatua risasi pale ni kujichimbia kaburi.

Nyuki akaminya kitufe cha redio yake ya mkononi, akanong'ona.

"Namba nne. Dirisha la nyuma. Sasa."

Kioo kilipasuka. Maji ya povu yalimpiga mgeni kifuani, yakambwaga juu ya makreti. Kiberiti kiliruka, kikazama kwenye povu. Alipojaribu kuinuka, goti la Nyuki lilikuwa mgongoni mwake.

Hakuna kilichowaka.

Askari walipowachukua wote wawili, kamanda alimfuata Nyuki hadi kwenye pikipiki. Akamwambia Idara inaweza kumtuma mtu mwingine nyumbani kwa dada yake. Si lazima aende yeye.

"Mume wake nimemkamata mimi," alisema Nyuki. "Nitamwambia mimi."

Akavaa helmeti, akashusha kioo chake, akaondoka polepole.