Nyumba Isiyo na Pa Kulilia

Kioo kilikuwa kimelowa tena. Mvua ilikuwa imekwisha Kolwezi tangu mwezi uliopita, vumbi jekundu la barabara ya Mutoshi limefunika kila jani, lakini ukuta mkubwa wa kioo ulitiririka maji kwa ndani, kuanzia kimo cha mtoto wa miaka mitano. Mathieu aliyafuta, akajisemea ni mambo ya joto na baridi. Kitambaa kilibaki kikinuka udongo uliochimbuliwa sasa hivi.

Mathieu alikuwa mwalimu wa falsafa, na falsafa ikimpata mtu mwenye kiwanja na saruji, majirani hupata cha kuzungumza. Wenzake walijenga nyumba za vyumba na korido; yeye alijenga boksi la zege na kioo, jiko, vitanda na viti vyote katika ukumbi mmoja, bila mlango wa ndani hata mmoja. Choo tu ndicho kilichosalimika, tena kwa ugomvi. Alimweleza mkewe, Rachida, kwamba mtu hufanana na nyumba anayoishi, na nyumba isiyoficha kitu huzaa watu wasioficha kitu. Rachida, binti wa wasafirishaji Waislamu waliotoka Kasongo, alicheka na kumuuliza atabadilishia wapi kitenge. Lakini alimpenda, akahamia.

Kisha malaria ikamchukua Jémima, mtoto wao wa pekee, wa miaka mitano. Kwenye matanga, wanaume hukaa nje kuzunguka moto, na mama mfiwa hulazwa kwenye godoro chumbani, wanawake wenzake humfungia mlango, akalia mpaka sauti ikauke. Rachida alilazwa katikati ya ukumbi. Kupitia kioo wanaume wote walimwona: walimu, madereva wa baba yake, hata wapita njia. Aliuma pindo la kitenge, hakutoa sauti. Mathieu, Mungu amsamehe, alijivunia utulivu wa mkewe, naye akapokea pole bila kutoa chozi.

Wiki chache baadaye kilio kilianza. Kilikuja mchana, jua likipiga kioo. Mwanzoni kilikuwa kwikwi tu upande wa jiko, ya kumfanya mtu ageuke na kurudi kwenye shughuli zake, halafu kikaanza kutembea, kikifuata ukuta wa zege taratibu, kikisimama kila pembe, kikigonga kidogo, kikisonga mbele, na ile harufu ya udongo ikikifuata, mpaka Mathieu akawa anakaa shuleni baada ya masomo, akisahihisha kazi alizokwisha kusahihisha, kwa sababu aliogopa nyumba aliyoichora kwa mkono wake mwenyewe.

Rachida hakuogopa. Aliacha kula. Siku moja Mathieu alimkuta amepiga magoti, akikwangua zege kwa kucha, vidole vikivuja damu.

"Ule mwenye kulia iko natafuta mulango," alimnong'oneza. "Humu hamuna mulango, tata wa Jémima. Akipata, mi naenda naye."

Mathieu alielewa kuwa anampoteza na mke pia. Yeye aliyewafundisha wanafunzi wake kwamba majini ni ujinga, alikwenda mwenyewe kumwomba Mwalimu Iddy, mzee anayetibu wenye mashetani. Mzee alifukiza ubani, akasoma, akauzunguka ukumbi. Jini hakujibu. Ndipo akauliza mama mfiwa alilia wapi. Mathieu akakiri kwamba Rachida hakulia popote.

"Huyu hakuingia kwa ubaya," Iddy alisema polepole. "Alikuta kilio kimeachwa, hakina mwenyewe, akakibeba. Mwenye kilio akikikamata tena, yeye atatoka. Mujengee bibi yako fasi ya kulilia."

Mathieu alijenga kwa mikono yake, matofali ya udongo, katikati kabisa ya ukumbi wake mzuri: chumba kidogo, kiza, mlango wa mbao. Kila tofali lilimuuma, na alilipanga hivyo hivyo. Rachida akaingia na mama yake na shangazi zake, mlango ukafungwa. Sauti iliyotoka humo iliwasimamisha watu barabarani. Alimlilia mwanawe kwa jina, kwa nguo zake, kwa meno yaliyokuwa hayajang'oka. Alipotoka, macho yamevimba, aliomba bukari. Mathieu alimsongea ugali huo mwenyewe, kwa furaha.

Rachida alikuwa anakula tonge la tatu kilio kilipoanza tena, ndani ya kile chumba kisicho na mtu. Safari hii kilikuwa kizito, cha chini, kilio cha mwanamume. Rachida alisikiliza, akamtazama mumewe kwa huruma.

"Ile si ya mi," alisema. "Ya mi nimeimaliza. Ile ni ya weye."

Mathieu alibisha kwamba yeye yuko sawa, lakini Rachida alimwonyesha mlango wa kile chumba. Akainuka, akaingia chumbani, akavuta mlango. Alikaa chini kwenye kiza, akafumbua kinywa, akangoja sana. Hakuna kilichotoka. Karibu kabisa na bega lake, jini aliendelea kumlilia Jémima badala yake.