Kanyere Atafuta Ushahidi wa Ndoa Yake

Kanyere anauza maharagwe ya Lubero katika soko la Butembo. Mume wake, Éphraïm, anafanya kazi Ubelgiji. Walioana kanisani na kwa Leta, yaani serikalini, na mbuzi wa mahari walitolewa mbele ya jamaa zote mbili. Lakini ombi la viza la Kanyere lilikataliwa.

Jirani yake Victoire, ambaye humwita Yaya, yaani dada mkubwa, anafanya kazi katika ofisi ya mwanasheria. Kanyere alimpelekea barua ya kukataliwa.

"Yaya, banasema ndoa yetu hapana ya kweli. Lakini cheti nilibapatia!"

"Cheti kinaonyesha siku moja tu, mudogo wangu," Victoire alijibu. "Mutu wa viza hakujue. Anataka kuona vile munapendana hata muko mbali. Foto za mahari ziko? Mesaji za simu? Tiketi ya Éphraïm ya kuja kukuona?"

"Ziko. Lakini kuna miezi tatu bila mesaji hata moja."

Kanyere aliinamisha kichwa. Miezi ile vita vilimkuta Eringeti, kwa mama yake. Alikimbilia porini, simu ikapotea, na Éphraïm hakujua yuko wapi.

"Mupiga foto wa soko anasema atanitengenezea mesaji za ile miezi."

"Hapana! Uongo moja itaharibu kweli yote. Andika vile ilikuwa. Kisha tafuta mutu mwenye alijua ile mambo."

Kanyere alipanda gari mpaka Beni, kwa Mama Jemima, shangazi wa Éphraïm. Jemima aliandika barua ya ushuhuda. Akaweka tarehe, sahihi na kopi ya kitambulisho chake. Halafu akafungua simu.

"Na hizi? Niliogopa kukukumbusha mateso."

Zilikuwa mesaji za Éphraïm. Kila siku ya ile miezi aliuliza: "Shangazi, mulisikia habari ya Kanyere?" Siku moja aliandika: "Hata kama ni kaburi, muniambie. Nitakuja."

Kanyere alilia sana.

Victoire alimsaidia kupanga dosye, yaani faili la ombi jipya, kwa kufuata tarehe. Nyuma ya kila foto waliandika majina, mahali na siku. Mesaji za Kiswahili, pamoja na zile za simu ya Jemima, zilitafsiriwa kwa Kifaransa. Juu ya zote waliweka barua ya Kanyere kuhusu ile miezi mitatu.

Baada ya miezi mitano, viza ilitoka.

Kuna neno Kanyere hakutaka kulisema kwa simu. Alilisema Ubelgiji, walipokutana uwanja wa ndege.

"Ulinitafuta kila siku, na hukuniambia?"

"Ulipatikana," Éphraïm alisema. "Nikasahau mengine yote."