Vuta Kifungo cha Jirani Yako

"Simama wima, na uache kucheka. Nitakuchoma."

"Nichome tu. Wiki ijayo nitakuwa mume wako, utanichoma hata bila sindano."

Fundi alitaka kucheka lakini alikuwa ameshika uzi kwa meno. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Saa nne mkutano mkubwa wa vuguvugu unaanza, na mwanaume wake, Katibu wa tawi, kamjia mbio karakana, mkono mmoja umeshika shati kifuani. Kifungo cha pili kimeanguka njiani, hajui wapi.

Akatunga sindano. Kabla hajaanza, kwa mazoea ya kazi tu, akavuta kifungo cha tatu kuona kama kimeshika.

Kikabaki mkononi mwake.

Akavuta cha nne. Uzi ukafumuka wote kwa mpigo mmoja, tiririii, kifungo kikaviringika hadi chini ya cherehani.

"Ee! Unanivua nguo saa hizi?" Katibu akatania.

Fundi akainama kukiokota. Karakana yake ina wanawake kumi na mmoja na cherehani sita, na humo ndani hakuna kifungo kinachoshonwa kwa mashine. Ni mkono, uzi mara sita, unauzungusha shingoni mwa kifungo, mafundo mawili. Anayeruka hata fundo moja anafumua na kuanza upya, hata awe na mgonjwa nyumbani.

"Nani ameshona shati hili?"

"Si wale wa mji wa pili? Kile kikundi nilichokwambia."

"Geuka."

"Fundi, nachelewa."

"Geuka nione kola."

Kola ndiyo ilikuwa sheria ya vuguvugu lao. Kabla ya mkutano wowote, uwe wa watu kumi au elfu, mtu mmoja anasimama mbele na kusema "Kola!" Hapo kila mmoja anageuza kola ya aliye mbele yake na kusoma lebo kwa sauti. Ukikutwa na nguo ya kutoka nje, hufukuzwi, ila unakaa nyuma na siku hiyo husemi kitu. Watu walianza kwa kucheka, baadaye wakaogopa, mwishowe wakaona fahari. Na anayesema "Kola!" kwenye mikutano mikubwa alikuwa Fundi mwenyewe, kwa kuwa lebo ni zake: kitambaa cheupe, herufi nyekundu, IMESHONWA HAPA.

Akaigeuza kola ya Katibu. Lebo ilikuwepo, nyekundu kwa nyeupe. Lakini pembeni yake kulikuwa na mstari wa matundu madogo ya sindano, matundu ya lebo nyingine pana zaidi iliyotangulia.

Akaketi kwenye stuli.

"Mashati haya yametoka wapi?"

Katibu akatazama mlango. Akatazama pasi. Akatazama kila kitu isipokuwa yeye.

"Bohari," akasema.

"Bohari ipi?"

"Ya nguo za nje. Fundi, nisikilize. Niliwaahidi makao makuu sare mia nane kabla sijakuuliza. Nilipokuja kukuuliza, ukasema mia mbili."

"Nilisema mia mbili kwa sababu ni mia mbili! Cherehani sita, umeme unakatika kila siku mbili. Ulitaka nishone kwa kucha?"

"Niliona haya kurudi kuwaambia nimekosea hesabu."

"Kwa hiyo zile lebo mia sita ulizoniomba..."

"Nilikudanganya. Hakuna kikundi cha mji wa pili."

Lebo hazitoki nje ya karakana. Hiyo sheria aliitunga Fundi mwenyewe. Aliivunja mara moja tu, kwa mwanaume mmoja, kwa kuwa alimwomba akiwa amemshika mkono.

"Miaka mitatu tunagonga milango ya watu," akasema taratibu. "Tunawaambia nunueni vya hapa, kazi zibaki hapa, nchi isonge. Yale maneno uliandika wewe. Unajua nilikupendea nini? Sura? Nilikupendea yale maneno."

"Na bado nayaamini. Leo mgeni wa makao makuu anatangaza mgombea udiwani. Ni mimi, Fundi. Nikipita, nitaleta cherehani hamsini humu ndani. Panda jukwaani useme 'Kola', watu wasome, mkutano uendelee. Neno moja tu. Mengine nitarekebisha."

"Na nisiposema?"

"Basi nimekwisha. Na harusi sijui."

Akatoka, kifua wazi, shati kalishika kwa ngumi.

Fundi akabaki na vifungo viwili kiganjani. Kulikuwa na jambo la pili, na hakutaka kulifikiria. Ile lebo ilikuwa imemaliziwa kwa msalaba mdogo kwenye pembe. Alimjua mtu mmoja tu duniani anayemalizia hivyo. Ndiye aliyemfundisha kushika sindano.

Akapiga simu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Umeshavaa? Mimi niko tayari tangu alfajiri, nimekaa kama bibi harusi."

"Mama, wewe ndiye uliyeshona zile lebo?"

"Lebo zipi?"

"Mama."

Ikasikika redio ya jirani, kisha akasikika mama akivuta pumzi.

"Mia sita," akasema mama. "Wiki tatu. Mpaka leo kidole gumba hakina hisia."

"Mama! Ulijua ni nguo za nje?"

"Nina macho, si ndiyo nilikuwa nazikata zile lebo za zamani? Alikuja hapa na maboksi usiku usiku kama mwizi wa kuku, akalia. Mwanaume mzima! Akasema mama, mambo haya yakiharibika hakuna harusi. Mwanangu, una miaka thelathini na saba. Wachumba wawili umewafukuza, mmoja kwa sababu alipiga pasi vibaya."

"Alichoma kitambaa cha mteja!"

"Wa tatu angeondoka, ungezeekea kwangu?"

"Umenishonea uongo, mama."

"Nimekushonea mume," mama akajibu, na simu ikakatwa. Aliyekata hakujulikana.

Saa tatu na nusu ujumbe ukaingia: *Nakuomba mpenzi wangu. Neno moja tu.*

Fundi akausoma mara tatu. Akajibu: *Nitasema neno moja.*

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa mashati ya kijani, mia nane, safu kwa safu kwenye viti vya plastiki. Kwa mbali ungesema shamba limeota usiku mmoja. Jukwaani alikaa mgeni, mama mwenye miwani na daftari. Pembeni yake Katibu, shati limefungwa kwa pini. Safu ya pili chini alikaa mama yake Fundi, mkoba magotini, anatazama mbele kama mtu aliye kwa daktari wa meno. Nyuma yake wanawake wa karakana, wakiongozwa na yule wanayemwita Spika. Hilo jina hakupewa kwa sababu ya bunge. Ni sauti.

"Fundi wetu huyo! Mama wa kola!" Spika akapaza, watu wakapiga makofi.

Fundi akashika kipaza sauti. Mamia ya mikono ilikuwa imeshainuka, tayari kugeuza kola.

"Vifungo," akasema.

Mikono ikasita hewani.

"Amesemaje?"

"Leo hatusomi kola," Fundi akasema. "Kola inaandikwa na mtu yeyote. Vuta kifungo cha jirani yako."

Watu wakacheka, wakadhani ni mchezo mpya. Wakavuta.

Kicheko kikakatika kama umeme. Tak. Tak tak. Taktaktak. Vifungo vilianguka kwenye viti vya plastiki, vikaruka, vikaviringika kwenye vumbi. Wanawake wakajishika kifua. Mzee mmoja alibaki na kitambi chake hadharani, akijifunika kwa kofia. Huku na kule mashati mia mbili yalishika imara, lakini nani aliyatazama hayo?

"Fundi, umetushonea nini?"

"Mama, watu wazima tunavuliwa!"

"Ndiyo hizi nguo za kukuza uchumi? Bora ningevaa gunia!"

Kwenye safu ya wanawake wa karakana, Spika alikuwa amepigwa na butwaa kwa mara ya kwanza maishani. Alishika kifungo cha jirani yake kama aliyeokota jino. "Hiki si chetu," akanong'ona, na mnong'ono wake ukafika safu ya kumi.

Mgeni akavua miwani. "Fundi, kikundi chako ndicho kilichoshona sare hizi?"

Fundi angeweza kusema yote. Ukweli ulikuwa mali yake, ushahidi ulikuwa kiganjani. Lakini akageuka, akamtazama Katibu. Hakumwonya, hakumwomba. Alimtazama tu, jinsi alivyomtazama siku ile ya kwanza alipomsikia akihutubia watu kumi na wanne chini ya turubai lililotoboka.

Uwanja ulikuwa unamzomea Fundi. Katibu angenyamaza nusu dakika tu, lawama zingekaa kwa mwanamke, na yeye angetoka na jina lake zima.

Akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Msimzomee," akasema bila kipaza sauti. Hakuna aliyesikia. Akakichukua mkononi mwa Fundi. "Msimzomee! Mashati mia sita si yake. Nimeyanunua mimi bohari, ni ya nje. Nilimdanganya akanipa lebo. Nikazishona mwenyewe juu ya..."

"Mwongo!"

Uwanja mzima ukageuka. Mama yake Fundi alikuwa amesimama, mkoba umeanguka.

"Wewe hata uzi hujui kutunga, utashona lebo mia sita? Nimeshona mimi! Mimi, kwa mkono huu! Kama ni kunizomea nizomeeni, nina ngozi ya kutosha. Ila msiseme zimeshonwa na mwanaume, kazi yangu ni safi."

Mtu mmoja akacheka, halafu wengi, kile kicheko cha watu walioshtuka hadi hawajui wafanye nini. Fundi alijishika uso. Hakujua anacheka au analia, na machozi hayakumsaidia kujua.

Katibu akafungua pini, akavua shati, akalikunja vizuri, akaliweka mezani mbele ya mgeni. Juu yake akaweka mhuri wa tawi.

"Mimi nitakaa nyuma," akasema. "Sheria ni hiyo."

"Na hiyo fulana ya ndani," Spika akauliza, sauti imemrudia, "imeshonwa wapi?"

Katibu akatembea katikati ya watu na fulana yake, kichwa chini, hadi kiti cha mwisho kabisa. Mgeni akafunga daftari. Leo hatangazi mgombea yeyote, akasema.

"Mteue Fundi!" Spika akapiga kelele.

"Nyamaza," Fundi akamjibu toka jukwaani, "tuna mashati mia sita ya kushona."

Kesho yake asubuhi alifungua karakana akakuta maboksi kumi na mawili yamepangwa mlangoni. Juu ya moja amekaa yule ambaye si Katibu tena. Juu ya lingine amekaa mama yake. Hawakuwa wanaongea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwambie huyu asinitazame."

"Watu wamenirudishia mashati," mwanaume akasema. "Wengine wamenirushia. Nimekuja kufumua lebo. Zile ni zenu. Nikimaliza nitaondoka, hutaniona."

Fundi akamtazama. Macho mekundu, ndevu hazijanyolewa, shati la zamani ambalo alimshonea mwaka juzi, vifungo vyote vipo.

"Ungeniambia siku ile ile," akasema. "Ningekufokea. Tungelala tumenuniana. Kesho yake tungewaendea makao makuu pamoja tukawaambia mia mbili. Basi. Ilikuwa ni hivyo tu."

"Najua."

"Nilikuwa nakungoja usimame jana. Kama usingesimama..."

"Na mimi nilikuwa najingoja," akajibu.

Fundi akaingia ndani, akarudi na mikasi miwili midogo. Mmoja akampa yeye, mwingine mama yake.

"Mimi tena?" mama akashangaa. "Na kidole hiki?"

"Uzi wako unaujua wewe. Lebo itoke nzima. Ikichanika, unanieleza."

Walikaa kwenye benchi moja, mkwe na mama mkwe, siku tisa. Siku ya kwanza walinuniana. Siku ya tatu mama alimfokea jinsi anavyoshika mkasi. Siku ya tano Spika alitangaza kwa mtaa mzima kwamba wale wawili sasa wanapiga umbea mpaka kazi inalala. Tarehe ya harusi ilipita, na hakuna aliyeitaja.

Siku ya tisa jioni mwanaume aliweka lebo zote mezani kwa Fundi, mafungu sita ya mia mia, yamefungwa kwa uzi.

"Nimemaliza. Ninaondoka."

"Shika hii."

Lilikuwa shati jeupe, pamba ya hapa, kola imekaa kama imechorwa. Akavuta kifungo kimoja, akavuta cha pili, kwa nguvu. Havikutikisika. Akageuza kola, akatafuta, akageuza tena.

"Mbona halina lebo?"

"Lebo nitaishona siku ya harusi. Mbele ya watu wote, ukiwa umelivaa."

Mwanaume akalibana shati kifuani.

"Na sindano ikinichoma?"

"Itakuchoma," akasema Fundi, akarudi kwenye cherehani yake.