Filamu ya Saa Nne Kamili

Haki ya Mungu, hii ni kweli tupu. Nikiwa nimeongeza chumvi hata punje, ulimi wangu ukauke hapa hapa mgahawani.

Simu ilitetemeka mfukoni mwa Sindano, jasusi wetu wa kike.

"Uzi umekatika," alisema Mkuu wake, kisha akakata simu.

Sindano aliielewa lugha hiyo ya siri. Filamu ya mji ilikuwa imebadilishwa!

Asubuhi hiyo wawekezaji mia mbili walikuwa wamealikwa kwenye jumba la mikutano, waonyeshwe mji na kile kiwanda cha nguo kilichofungwa miaka sita. Dada yake Sindano alikuwa mshonaji pale. Siku hizo alikuwa anatia viraka nguo za watu. Mwekezaji akipatikana, anarudi kwenye mashine yake. Asipopatikana, kiwanda kinabomolewa.

Na jasusi mmoja wa ng'ambo, Tai Nyekundu, alitaka kibomolewe. Alikuwa ametega filamu ya uongo: mafuriko, moto, majambazi. Wawekezaji watimue mbio, mabosi wake waokote ardhi kwa bei ya karanga.

Ingeanza saa nne kamili.

Sindano alitupia jicho saa yake ya Casio. Dakika tatu.

Akapanda ngazi, nne nne. Ghorofa ya tatu, mlinzi wa kukodi. Akala kiwiko. Akalala.

Ghorofa ya tano, chumba cha mitambo. Teke moja, mlango chini.

Tai Nyekundu alikuwa amekaa, bastola ya Glock mkononi, meno yote nje.

"Umechelewa, bibie. Inaonyeshwa. Mji wenu kwisha."

Sindano alichungulia ukumbini kupitia kioo. Akaangua kicheko.

"Unacheka nini?"

"Kaka, yaani wewe uliiamini ratiba yetu?"

Chini, viti mia mbili vitupu. Mama mmoja alikuwa anafagia, hana habari na mafuriko. Fundi wa maikrofoni alikuwa anasema "moja, mbili, moja, mbili". Wageni walikuwa bado bustanini wanakunywa chai. Mgeni rasmi? Hajatoka hata kwake.

"Lakini imeandikwa saa nne!" Tai Nyekundu alifoka, akageuka kutazama.

Kosa.

Kalamu ya Sindano ilitoa mlio mdogo. Fyu! Kisindano cha usingizi kikazama shingoni. Jamaa akaanza kukoroma juu ya laptop.

Saa sita kasorobo, mgeni rasmi akaingia kwa makofi. Filamu halali ikaonyeshwa. Mwekezaji mmoja akasimama, akauliza swali moja tu: wale wanaozijua mashine zile bado wapo?

Sindano akapiga simu.

"Dada, tafuta aproni yako."

"Usinitanie, mdogo wangu."

"Jumatatu, saa moja. Na hiyo ni saa moja ya kweli."

Redio yake ya mawasiliano ikakwaruza. "Sindano, ripoti."

"Mkuu, mji huu hauna bei ya karanga."

Akavaa miwani myeusi, akaondoka taratibu, bila kugeuka.

Hapo shemeji yangu, anayefagia jumba hilo la mikutano, akaweka kikombe chake mezani.

"Shemeji, jumba lile halina ghorofa. Hata ngazi halina."

Mgahawa mzima ukanigeukia.

Nikakohoa. Nikamwita mhudumu. "Soda kwa wote. Juu yangu."

"Na mimi mbili," akasema shemeji, "kwa ule mlango uliouvunja kwa mdomo."

"Mbili. Lakini nijibuni: kiwanda kimefunguliwa, hakijafunguliwa?"

Wakatazamana.

"Kimefunguliwa."

"Basi kunyweni!"