Aliyekipakata Kichwa cha Ntemi

Jioni ile nilikuwa napeleka nguo tu. Kaniki mbili, nilizozipinda pindo kwa mkono mchana kutwa kwa sababu Josephat hakutaka alama ya cherehani ionekane. Enzi za Ntemi hakukuwa na cherehani, aliniambia, kama vile mimi fundi sijui. Nikazikunja, nikazitia kwenye mfuko wa nailoni, nikashuka ziwani kwenye mawe, mahali walipokuwa wanapiga filamu yao.

Huo ulikuwa mwezi wa tisa, mwaka tisini na saba. Masika ilikuwa imetunyima mvua. Mtama ulikaukia shambani na ng'ombe walipelekwa mnadani wakiwa mifupa mitupu. Hapa Mwanza mitumba ilikuwa imeshatumaliza sisi mafundi nguo, na kitu pekee kilichokuwa na wateja ni video. Kila mtaa ulikuwa na kibanda cha kuonyesha mikanda ya Kihindi na ya karate. Alnoor, mwenye duka la kukodisha mikanda, akajiuliza kwa nini tusitengeneze ya kwetu. Akanunua kamera. Akamtafuta Josephat, kijana aliyesomea sanaa, aiongoze, na Josephat akachagua hadithi ambayo kwetu Usukumani kila mtoto analala nayo.

Kama huijui, ni hivi. Zamani, Ntemi, yaani mtawala wetu, akifa, kichwa chake hakikuruhusiwa kugusa udongo. Mvua ilikuwa humo kichwani. Kikigusa udongo, inakatika. Kwa hiyo walichimba shimo pana, wakamkalisha humo msichana, mzima, miguu ameinyoosha, ili akipakate kile kichwa. Msichana akauliza atakaa hivyo mpaka lini. Wazee wakamwambia avumilie, atakuja mwenzake kumpokea. Kisha wakafukia.

Hakuna aliyekwenda.

Ndiyo hadithi yenyewe. Wacheza ngoma huiimba kila baada ya mavuno, na ipo imechorwa kwenye ukuta wa baa moja kule Kiseke. Mchoraji wake nilimfahamu. Alikuwa mlevi wa kulala mtaroni, lakini hata yeye msichana yule alimchora kwa mgongo, sura haionekani. Hata kwenye ngoma, kikifika kipande cha shimo, hakai mtu. Wanaweka mganda wa mabua ya mtama uliovishwa kaniki, na wimbo ukiisha wanauchoma moto kabla watu hawajatawanyika. Nimeona hivyo tangu mdogo na sijawahi kuuliza kwa nini.

Josephat alitaka sura. Alisema hakuna atakayekuja kutazama mabua yamekaa shimoni. Basi akamchukua mdogo wangu Odeta.

Odeta nimemlea mimi tangu mama yetu alipofariki. Alikuwa na miaka kumi na tisa, anaimba kwaya, na binti yangu Rebeka amekulia mgongoni kwake zaidi kuliko kwangu. Nilifurahi alipochaguliwa. Nilijisikia mtu.

Nilipofika na zile kaniki nilimkuta tayari yumo shimoni, anajizoeza, kichwa cha mwigizaji mmoja kikiwa mapajani mwake. Pembeni alisimama bibi Ng'washi, mwimbaji mkongwe aliyeletwa kutoka Butimba. Aliuliza mabua yako wapi. Josephat akamweleza kwamba hakuna mabua. Bibi alimtazama Odeta kitambo, akavaa kandambili zake, akapanda zake kuelekea barabarani. Hakumuaga mtu. Nilicheka, nikamwambia Odeta kwamba bibi ameacha soda yake bure.

Wakapiga picha mpaka mwanga ukaanza kufifia. Kamera ilikuwa mbele ya Odeta, karibu kabisa. Alnoor alikuwa nyuma ya kamera anachungulia, na nilimwona anajifuta machozi, jinsi binti alivyoigiza vizuri.

Wenzetu wakapanda pikapu. Sisi tulitembea, kwetu hapakuwa mbali. Jua lilikuwa linaingia nyuma ya mawe na ziwa limetulia kabisa. Njia ilikuwa vumbi tupu, lakini...

Nilisikia harufu ya udongo. Udongo uliolowa, uliochimbuliwa sasa hivi.

Odeta naye aliisikia. Alinishika mkono.

Mbele yetu, juu ya jiwe kando ya njia, alikaa mama mmoja. Amejifunga kaniki kifuani, miguu ameinyoosha, mikono imezunguka kitu mapajani. Nilidhani ni muuza dagaa anayepumzisha mzigo. Nikamwamkia. Hakuniitikia. Alikuwa anamtazama mdogo wangu.

"Mwanangu," alisema, sauti imekauka. "Nipokee kidogo."

Sasa elewa jinsi tunavyolea. Kwetu binti akiambiwa hivyo na mkubwa, hasimami kuuliza ndani kuna nini. Anapiga magoti kwanza, anaamkia, ndipo ananyoosha mikono yote miwili. Hayo nilimfundisha mimi kwa fimbo. Wanawake wa mtaani walikuwa wananisifu kwa ajili ya heshima ya Odeta.

Odeta akapiga magoti vumbini. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Sijawahi kusikia mtu akiitikia salamu kwa pumzi ndefu namna ile. Mikono ya yule mama ilinyooka, na mikononi hamkuwa na kitu. Nakuapia, hamkuwa na kitu. Lakini mikono ya Odeta ilishuka ghafla kama mtu aliyetwishwa gunia, akakaa chini kwa kishindo, miguu ikanyooka mbele yake.

Nikageuka kwenye jiwe. Hapakuwa na mtu.

"Dada," Odeta alinong'ona. "Kizito."

"Nini kizito?"

Vidole vyake vilipapasa hewa, polepole, juu ya mapaja yake.

"Kina nywele."

Tone la kwanza la mvua lilinipiga usoni.

Niliita wanaume waliokuwa wanapita barabarani. Binti mwembamba vile, walimbeba wakihema, wakiulizana amekula nini. Tukamweka kwenye mkeka chumbani, akakaa vilevile alivyokuwa amekaa yule mama jiweni, mikono imezunguka. Hakulala chali wala ubavu. Usingizi ulimchukua akiwa amekaa, na mikono haikulegea.

Mvua haikukatika. Watu walitoka nje wakacheza matopeni. Kanisani ilisomwa misa ya shukrani na wenye mashamba wakapanda upya. Mimi nilisimama dirishani nikiichukia kila tone, maana nilijua inatoka wapi.

Nilihangaika. Hospitali walimpima wakasema ni mishipa, wakamtundikia dripu, wakaturudisha nyumbani. Padri alikuja akampaka mafuta. Mganga wa Buswelu aliishia mlangoni. Alitazama ndani mara moja, akanirudishia kuku wangu na kuondoka hata mwavuli akausahau. Mwisho nilimwambia Odeta akitupe. Kianguke, mvua ikatike, tufe njaa wote, lakini yeye apone. Alinitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa.

"Nimejaribu, dada. Kinanishika."

Kisha Alnoor akaja na mkanda. Hakuwa yule Alnoor wa kutaniana na wateja dukani. Alisema ameuangalia peke yake na hawezi kukaa nao. Tuliutazama kwa jirani mwenye televisheni, mimi na yeye tu. Shimo lilionekana, kaniki ilionekana, hata mishono yangu. Na Odeta alionekana amekaa, mwanzo mpaka mwisho, kwa mgongo.

"Nilikuwa mbele yake," Alnoor alisema. "Teodora, wewe uliniona. Nilikuwa mbele yake."

Nilimwambia nilimwona. Aliuchoma ule mkanda uani kwake, chini ya bati, na wiki ile akaiuza kamera.

Nikaenda Butimba kwa bibi Ng'washi. Nilimkuta jikoni anachambua maharage, hakushtuka kuniona. Nilitaka anitukane kwa kile kicheko changu, hakunitukana. Aliniambia mabua huwekwa pale kwa sababu mabua hayana magoti. Hayawezi kumpokea mtu. Yule aliyefukiwa amekuwa akitafuta sura tangu enzi hizo, na sisi tukampelekea. Sasa yeye amepumzika, na zamu imekuwa ya Odeta.

Nilimwambia nilishajaribu kumpokea. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mdogo wangu, mimi niliyemlea, nikamwamkia shikamoo na kunyoosha mikono. Odeta aliniitikia huku analia, akajaribu kunipa. Sikushika kitu. Mikono yangu ilipita tu hewani, mara moja, mara mbili, mpaka nikawa naikwaruza sakafu.

"Huwezi," bibi alisema. "Wewe umezaa. Mapaja yako yalishapakata wako. Anapokea msichana ambaye hajazaa."

Aliendelea kuchambua maharage. Kisha akaniuliza bila kuinua macho:

"Nyumbani kwako yuko msichana?"

Nilitoka mle nikakimbia kwenye njia ya matope mpaka nikapoteza kiatu. Rebeka ana miaka kumi na mitatu. Anampenda mama yake mdogo kupita kiasi, na adabu yake ni ileile, maana amefundishwa na Odeta mwenyewe.

Siku ileile nilimvusha ziwa kwa kivuko, nikamwacha Sengerema kwa shangazi yake. Nilimkataza asirudi hata akisikia nimekufa. Alilia sana, akauliza amekosa nini. Majirani niliwaambia yuko Buswelu kwa rafiki. Odeta naye nilimwambia hivyo hivyo.

Sasa mwaka umegeuka, tuko tisini na nane, na bado inanyesha. Furaha ya watu imekwisha zamani. Nyumba za tope zinaanguka, mahindi yameoza, kipindupindu kimeingia. Odeta amebaki macho na mifupa. Mikono imekuwa miti, ngozi ya mapajani imechubuka umbo la duara, na mimi namfunga vitambaa asubuhi na jioni. Bado ni Odeta. Hilo ndilo linaloniua. Angekuwa pepo ningemfukuza, ningemchukia. Lakini ananiuliza nimekula nini, ananiimbia ninapolia, na kila jioni jua likizama ananiuliza kwa upole:

"Dada, Rebeka anarudi lini?"

Hana ubaya. Amechoka tu. Anasema ni kwa muda mfupi, anyooshe mikono, halafu atakichukua tena. Najua anaamini anachosema. Na yule mama wa kwenye jiwe nadhani naye aliamini, aliposema kidogo. Ziko jioni nimemtazama mdogo wangu nikawaza, kwa nini Rebeka asimsaidie, ni dakika chache tu... halafu nikatoka nje nikatapika.

Kwa hiyo namjibu kila siku kwamba harudi.

Leo hakuuliza. Nimemkuta anatabasamu, mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa. Nikafurahi kama mjinga, nikadhani amepona. Nikamuuliza kuna nini.

"Nyumba ya shangazi imeanguka na mvua," akasema. "Wote wazima. Rebeka yuko kwenye kivuko."

Sikuwa nimemwambia mtu kuhusu kivuko.

Nimesimama mpaka honi ikalia ziwani, ndefu, ikapotea kwenye mvua. Nimefunga mlango kwa komeo, nimesogeza cherehani na kabati, nimeketi chini nimeuelekea. Nitamfukuza. Nitamwambia simtaki, nitamtukana mwanangu matusi yote ninayoyajua mpaka aondoke akilia. Lakini ni jioni, mvua inamwagika, mtoto amelowa, na pa kwenda pengine hana. Hata nikimfukuza leo atarudi kesho, kwa sababu ni mtoto mwema.

Anagonga. Anapiga hodi kwa sauti ya chini, kama tulivyomfundisha.

Nafungua mdomo nimtukane na sauti haitoki. Nyuma yangu, kwenye mkeka, namsikia Odeta anaanza kunyoosha mikono.